Jina Kwenye Rejista na Mwenye Kauli: Kisa cha Mhadhiri wa Fedha na Utafiti wa Umiliki wa Kampuni

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wahadhiri chipukizi na wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaofanya utafiti wa fedha katika ukanda wetu. Jina la mhusika, chuo chake, miaka na majarida yaliyohusika nimeviondoa. Kampuni zinazotajwa kwa jina ni mifano ya kufundishia, na yanayosemwa juu yake yako wazi katika ripoti zao za mwaka na matangazo ya hadhara.

Usuli

Nitamwita Daktari Z. Ni mhadhiri wa fedha katika chuo kikuu cha umma nchini Kenya. Kabla ya kurudi shule kusomea uzamili, aliajiriwa katika ofisi ya wasajili wa hisa, zile ofisi zinazotunza orodha ya wanahisa kwa niaba ya kampuni zilizoorodheshwa sokoni. Kazi yake ilikuwa ya ngazi ya chini: kubadilisha anwani, kulinganisha sahihi, kupokea hundi za gawio zilizorudi kwa kuwa mwenyewe amehama au amefariki. Huko ndiko alikoanza kujiuliza maswali. Mwalimu mstaafu mwenye hisa mia tano aliandikwa majina yake yote matatu, sanduku la posta na namba ya kitambulisho. Mwenye mamilioni ya hisa aliandikwa jina la benki, likifuatwa na namba ya akaunti, basi.

Aliporudi chuoni aliamua kwamba tasnifu yake ya uzamivu itahusu umiliki wa kampuni na utendaji wake. Swali hilo lina umri mkubwa. Mwaka 1932 Wamarekani wawili, Adolf Berle na Gardiner Means, walieleza kwamba katika kampuni kubwa za nchi yao hisa zimetawanyika mikononi mwa watu wengi mno, kiasi kwamba hakuna mwanahisa mwenye nguvu ya kumhoji meneja. Anayemiliki hatawali, na anayetawala hamiliki. Mwaka 1976 Michael Jensen na William Meckling waliipa hoja hiyo msingi wa nadharia: meneja asiye na hisa ana sababu ya kutumia mali ya wenzake kwa anasa zake, na gharama ya kumchunga inawaangukia wanahisa.

Wanafunzi wetu wengi huishia hapo, na sura ya pili ya tasnifu nyingi nilizopitia inajengwa juu ya nguzo hizo mbili tu. Lakini fani ilishasonga mbele. Mwaka 1999 Rafael La Porta, Florencio Lopez-de-Silanes na Andrei Shleifer walichunguza kampuni 20 kubwa zaidi katika kila moja ya nchi 27 tajiri, wakifuata kila mnyororo wa umiliki hadi mwisho wake. Kwa kizingiti cha asilimia 20 ya kura, ni takriban asilimia 36 tu ya kampuni hizo zilizokuwa na wanahisa waliotawanyika kweli. Zilizobaki zilikuwa na mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni familia au serikali. Hata Marekani, nyumbani kwa Berle na Means, picha ile ilikuja kutiliwa shaka: mwaka 2009 Clifford Holderness alichukua sampuli ya kampuni 375 za umma na kukuta asilimia 96 zina angalau mwanahisa mmoja mwenye asilimia 5 au zaidi, na kwa wastani wanahisa wakubwa wa namna hiyo wanashika asilimia 39 ya hisa zote.

Maana yake kwetu ni nzito. Kama kampuni zina wenyewe, tatizo kubwa haliko tena kati ya meneja na wanahisa. Liko kati ya mwanahisa mkubwa na wadogo: huyu anaweza kuuza bidhaa kwa kampuni yake nyingine kwa bei anayoitaka, au kujitoza ada za usimamizi, na mwalimu mstaafu mwenye hisa mia tano hana la kufanya. Kwa hiyo kumjua mwanahisa mkubwa ni nani hasa ndiyo kazi yenyewe ya utafiti, wala si maandalizi yake.

Yaliyotokea

Tasnifu ya Daktari Z ilifuata njia inayofuatwa na wengi. Alichukua ripoti za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, soko lenye kampuni sitini na kitu, akafungua ukurasa wa wanahisa kumi wakubwa, akajumlisha asilimia za watano wa kwanza, akaita jumla hiyo kiwango cha mkusanyiko wa umiliki. Kisha akagawa wanahisa makundi manne: wageni, serikali, taasisi za ndani na watu binafsi. Akaweka faida kwa mali (faida ya mwaka ikigawanywa kwa mali za kampuni) upande mmoja, umiliki upande wa pili, akaendesha rigresheni, yaani hesabu ya takwimu inayopima jinsi kimoja kinavyokwenda na kingine. Baadhi ya vigezo vikatoka na nyota, alama ya kwamba uhusiano una uzito wa kitakwimu. Akatetea tasnifu, akafaulu, akavaa joho.

Mwaka uliofuata alitoa makala moja kutoka kwenye tasnifu katika jarida la hapa nchini. Ya pili ilikubaliwa na jarida dogo la nje, ikawa inasubiri kuchapishwa. Ya tatu, aliyoiona kuwa bora zaidi, aliituma kwa jarida lenye heshima katika fani. Wakati huohuo idara ikatangaza nafasi za uhadhiri mwandamizi. Kwa mfumo wetu wa kupandishwa cheo machapisho hugeuzwa kuwa pointi, na makala iliyokubaliwa ina thamani kubwa kuliko wazo zuri ambalo bado liko kichwani. Kwa hesabu zake, makala ile ya pili ilitosha kumvusha.

Mambo mawili yakatokea ndani ya muhula mmoja.

La kwanza lilikuwa kwenye kongamano. Aliwasilisha matokeo yake, na jedwali moja lilionyesha mwanahisa mkubwa kuliko wote katika kila kampuni. Mzee mmoja nyuma ya ukumbi, dalali wa hisa aliyestaafu, akanyoosha mkono.

"Daktari, hapo kwa Bamburi umeandika mwenye hisa nyingi zaidi ana asilimia 29.3. Huyo wa pili je?"

Akaangalia karatasi zake. "Ni asilimia 29.3 pia, mzee wangu."

"Basi hao wawili wana mama mmoja."

Alikuwa sahihi. Kwa miaka mingi wanahisa wawili wa juu wa Bamburi Cement walikuwa Fincem Holding na Kencem Holding, kila mmoja akiwa na asilimia 29.3, na zote mbili zilikuwa za kundi moja la saruji la Ulaya, Lafarge, lililokuja kuungana na Holcim. Kwenye jedwali la Daktari Z kampuni hiyo haikuwa na mwenye zaidi ya theluthi. Kwa uhalisia ilikuwa na mwenyewe mmoja mwenye asilimia 58.6, anayeweza kupitisha azimio lolote la kawaida peke yake.

La pili lilikuja kwa barua pepe: wahakiki wa lile jarida kubwa wamejibu. Mmoja alikataa kwa mistari mitatu. Wa pili aliandika kurasa nne, na ndizo zilizobadilisha mkondo wa kisa hiki. Aliuliza: akaunti hizi za uwakilishi, ambazo benki zinashika hisa kwa niaba ya watu wengine, umeziweka kwenye kundi la taasisi za ndani kwa msingi gani? Mwenye hisa aliye nyuma ya benki anaweza kuwa mfuko wa pensheni wa Marekani, au familia ya Nairobi, au mkurugenzi wa kampuni hiyohiyo. Kisha akaongeza swali la Harold Demsetz na Kenneth Lehn, ambao mwaka 1985 walichunguza kampuni 511 za Marekani na hawakuona uhusiano kati ya mkusanyiko wa umiliki na faida: je, umiliki ndio unaoleta faida, au watu hununua fungu kubwa pale penye sababu ya kufanya hivyo?

Aliponiletea maoni hayo ofisini, alikuwa ameshapiga mstari chini ya sentensi moja ya mhakiki, ile iliyouliza kama mwandishi anajua anamsoma nani hasa kwenye ukurasa wa wanahisa. Akaniambia, "Prof, huyu mtu ameniuliza swali nililokuwa nalo kabla sijaanza shule."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuiondoa makala iliyokwisha kukubaliwa. Data ilikuwa ileile, na makosa ya Bamburi hayakuwa ya kampuni moja. Wenzake idarani walimwambia aache, kwamba jarida lile halisomwi na mtu, kwamba apande cheo kwanza kisha arekebishe baadaye. Mwenyekiti wa idara, mtu mwema na aliyemtakia heri, alimwambia wazi kwamba dirisha la nafasi likifungwa halijulikani litafunguliwa lini. Sababu ya Daktari Z ilikuwa fupi: tayari alijua jedwali la tatu la makala hiyo si kweli, na asingeweza kusimama darasani kufundisha utawala bora wa kampuni huku jina lake likiwa juu ya jedwali hilo. Aliandika kwa mhariri, akaeleza kosa, akaondoa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuanza upya, safari hii kwa kufuata kila mnyororo kwa mkono. Hapa pana ufundi unaostahili kuelezwa kwa kina, maana ndio unaoachwa nje ya vitabu vingi vya mbinu za utafiti.

Chukua Safaricom kwa hesabu za mwaka 2017. Ukurasa wa wanahisa unaonyesha Hazina ya Taifa ina asilimia 35 na Vodafone Kenya ina asilimia 39.93. Vodafone Kenya ni nani? Mwaka huo Vodacom ya Afrika Kusini ilichukua asilimia 87.5 ya kampuni hiyo, na asilimia 12.5 zikabaki kwa kundi la Vodafone la Uingereza, ambalo wakati huohuo linashika zaidi ya asilimia 60 ya Vodacom yenyewe. Ukitaka kujua gawio linamfikia nani, unazidisha: 87.5 kwa 39.93 inakupa asilimia 34.94 za Vodacom, na ukiendelea hadi London unapata zaidi ya robo kidogo. Ukitaka kujua kauli iko wapi, hauzidishi. Unaangalia kiungo dhaifu kuliko vyote katika mnyororo, yaani chenye asilimia ndogo zaidi, njia waliyoitumia Stijn Claessens, Simeon Djankov na Larry Lang walipochunguza kampuni 2,980 za nchi tisa za Asia ya Mashariki katika utafiti wa mwaka 2000. Hapa kiungo hicho ni asilimia 39.93. Pengo kati ya gawio linalomfikia mwenyewe na kura anazozitawala ndilo hasa linalowapa wasiwasi watafiti wa fani hii, kwa sababu mwenye kura nyingi kuliko gawio anabeba sehemu ndogo ya hasara ya maamuzi yake. Kwenye tasnifu ya kwanza, safu ya Safaricom ilikuwa na neno moja tu: "wageni".

Daktari Z aliweka kanuni: hakuna kiungo kinachoingia kwenye daftari la data bila hati. Ripoti ya mwaka ya kampuni mama, waraka wa kuuza hisa kwa umma, tangazo la ununuzi, au nakala kutoka kwa msajili wa kampuni. Alipata wanafunzi wa uzamili, akawapanga wawiliwawili, kila mmoja afuate mnyororo peke yake bila kuona kazi ya mwenzake, kisha walinganishe. Penye tofauti walikaa pamoja na hati mezani.

Uamuzi wa tatu ulihusu akaunti za uwakilishi, na kwangu huu ndio uamuzi bora kuliko yote. Kishawishi kilikuwa kuzigawa kwa makisio: zile zilizoandikwa kuwa za wasio wakazi ziende kwa wageni, nyingine kwa taasisi. Alikataa. Alifungua kundi jipya akaliita "haijulikani", kisha kwa kila kampuni akatoa takwimu mbili: mwanahisa mkubwa ana kiasi gani ikiwa hana hata hisa moja nyuma ya akaunti hizo, na ana kiasi gani ikiwa zote ni zake. Ukweli uko kati ya hizo mbili. Kampuni nyingine umbali kati ya takwimu hizo ulikuwa mdogo mno, na hapo unaweza kusema kwa kujiamini. Nyingine ulikuwa mpana kiasi kwamba hakuna rigresheni inayoweza kuokoa chochote.

Uamuzi wa nne ulikuwa juu ya familia. Tafiti za Asia zilitumia majina ya ukoo kama dalili kuu ya undugu. Kenya njia hiyo haiendi. Patel na Shah ni majina ya maelfu ya watu wasio na uhusiano wowote. Ndugu wa baba mmoja wanaweza kuandikwa majina tofauti kwenye vitambulisho, dada ameolewa akachukua jina la mume, na binamu wa Kikuyu aliyepewa jina la babu wa upande wa mama hana herufi hata moja ya kumfunga na binamu yake. Ukifuata majina utawaunganisha wasiohusiana na kuwatenganisha wa nyumba moja.

Mwanafunzi mmoja alikuja na wazo la tangazo la kifo. Asomaye magazeti ya Kenya anajua: tangazo la kifo linataja mke, watoto, wakwe, ndugu, na mara nyingi kila mmoja kwenye mabano na mahali anapofanya kazi. Ni hazina ya undugu kuliko rejista yoyote ya serikali. Kundi zima lilifurahi. Daktari Z alifikiri siku kadhaa kisha akaweka mpaka: tangazo linaweza kukuelekeza wapi pa kutafuta, lakini haliingii kwenye daftari kama ushahidi. Waliolitoa walikuwa wanaita watu mazishini, hawakuwa wanatoa taarifa kwa watafiti. Undugu uliandikwa tu pale ambapo kampuni yenyewe imeutaja kwenye ripoti au waraka wa hisa.

Kuhusu serikali aliweka viwango viwili. Hazina ya Taifa inashika chini kidogo ya asilimia 20 ya KCB, na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni miongoni mwa wanahisa wakubwa wa benki hiyohiyo. Ukitumia kizingiti cha asilimia 20 na kuutenga mfuko, benki hiyo haiko chini ya serikali. Ukiujumlisha, iko. Alitoa majedwali yote mawili, kwa kizingiti cha 10 na cha 20, na kumwachia msomaji aone jibu linavyogeuka.

Uamuzi wa tano ndio uliomgharimu zaidi: aliacha rigresheni. Umiliki wa kampuni hizi haubadiliki mwaka hadi mwaka. Mwenyewe wa leo ndiye wa miaka kumi iliyopita. Kwenye data paneli, yaani data ya kampuni zilezile kwa miaka kadhaa, ukidhibiti tofauti za kudumu za kila kampuni, umiliki unatoweka wote pamoja nazo, na unachobaki nacho ni kelele. Usipodhibiti, hujui kama unapima umiliki au unapima ukweli kwamba kampuni za bia na sigara zina faida na wenyewe wake ni wageni. Kwa kampuni sitini na kitu, hakuna ujanja wa takwimu unaotosha. Akaamua makala itaeleza nani anamiliki nini, kwa mnyororo gani, na kwa uhakika wa kiasi gani. Basi.

Matokeo

Cheo hakikuja. Nafasi zilijazwa na wenzake wawili, mmoja wao mtu aliyekuwa nyuma yake kimasomo. Alisubiri hadi zilipotangazwa tena, na kwa muda huo mshahara ulibaki palepale huku watoto wakiingia sekondari.

Makala ya maelezo ilikataliwa mara mbili, mara zote kwa sababu ileile: haina dhana ya kupimwa. Jarida la tatu liliikubali, na mhariri wake aliomba jambo moja ambalo lilikuwa na manufaa kuliko maoni yote ya awali, yaani kiambatisho kinachoonyesha mnyororo wa kila kampuni na hati iliyotumika kwa kila kiungo. Kiambatisho hicho ndicho kinachotumiwa hadi leo kuliko makala yenyewe. Wanafunzi wa uzamivu wa vyuo vingine wanakiomba, na mwanafunzi mmoja wa Dar es Salaam alianza kazi ya namna hiyo kwa kampuni za soko la huko, ambako mwanahisa mkubwa wa kigeni mara nyingi ana zaidi ya nusu na mnyororo ni mfupi.

Daktari Z alipanda kuwa mhadhiri mwandamizi, na baadaye profesa mshiriki. Hakurudi kwenye rigresheni ya kampuni zote. Alianza kuchunguza tukio mojamoja, pale umiliki unapobadilika ghafla na pana tarehe inayojulikana: ofa ya kununua kampuni, serikali kuuza fungu lake, mwasisi kujiondoa. Matukio ya namna hiyo yanamjibu Demsetz vizuri kuliko wastani wa miaka kumi.

Palikuwa na mgogoro pia. Mmoja wa wanafunzi waliofuata minyororo alilalamika kwamba jina lake limo kwenye shukrani tu, ilhali amefanya kazi ya miezi mingi. Makubaliano ya mwanzoni yalikuwa ya mdomo. Suala lilifika kwa mkuu wa kitivo, likamalizwa kwa kumweka kama mwandishi mwenza kwenye makala iliyofuata, lakini uhusiano wao haukupona.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi kuliko vyote ni kundi la "haijulikani". Watafiti wengi huona aibu kuandika neno hilo, wanalijaza kwa makisio kisha wanasahau kwamba ni makisio. Kwa kutoa takwimu ya chini na ya juu, Daktari Z aliligeuza pengo la data kuwa matokeo: alionyesha ni kampuni zipi za umma ambazo umma hauwezi kujua mwenyewe ni nani. Hilo lina uzito wa kisheria. Chini ya kanuni za Kenya za kununua kampuni, kushika asilimia 25 ya kura kunahesabiwa kuwa udhibiti na kunaweza kukulazimu utoe ofa kwa wanahisa wote. Sheria ya Mabenki nayo inamzuia mtu asishike zaidi ya asilimia 25 ya benki, isipokuwa kwa walioruhusiwa. Mipaka hiyo yote inategemea kumjua mtu, na mtu aliyegawa hisa zake kwenye akaunti kadhaa za uwakilishi haonekani kwa msomaji wa ripoti ya mwaka.

Mwaka 2020 Kenya ilianzisha rejista ya wamiliki manufaa, ambapo kampuni inatakiwa kumtaja mtu wa nyama na damu mwenye asilimia 10 au zaidi ya hisa au kura. Ni hatua kubwa. Lakini rejista hiyo imewekwa kwa ajili ya mamlaka zenye kazi nayo, haikufunguliwa kwa kila mtu, na mtafiti bado anabaki na ripoti za mwaka na subira. Mimi naona ifunguliwe angalau kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni. Anayechukua pesa za umma kwa kuuza hisa ana deni la kuueleza umma ni nani mwenye kauli.

Kuiondoa makala kulikuwa sahihi, na nasema hivyo nikijua gharama yake. Hata hivyo kosa la awali lilizuilika mapema. Miaka yote ya uzamivu, si msimamizi wala mtahini aliyefungua ripoti moja ya mwaka kulinganisha na jedwali. Tulisoma nadharia, tukahakiki vipimo vya takwimu, tukasahihisha marejeo. Dalali mstaafu aliona kwa dakika moja kwa sababu alikuwa anazijua kampuni. Kitivo cha fedha kinachotahini tasnifu za soko la hisa bila mtu hata mmoja wa sokoni kwenye jopo kinajinyima jicho muhimu. Tangu hapo idara yetu inamwalika mtu wa namna hiyo kwenye semina za awali, kabla data haijakusanywa, na mara mbili tatu amekwisha kuwaokoa wanafunzi.

Kilichoshindwa waziwazi ni makubaliano ya kazi. Kufuata minyororo ni kazi ya akili, wala si ya ukarani. Anayeamua kwamba Fincem na Kencem ni kitu kimoja amefanya uamuzi wa kitafiti, na haki yake iandikwe kabla ya siku ya kwanza: nani atakuwa mwandishi, kwa mchango gani, na data itabaki kwa nani mwanafunzi akihitimu. Karatasi moja ingetosha.

Mfumo wa pointi nao ulimwadhibu aliyefanya vizuri. Sitaki kuupuuza, maana uliletwa kuzuia upendeleo, na umesaidia. Lakini hauna mahali pa kuhesabu data iliyokusanywa kwa uangalifu na kutolewa kwa wengine, wala makala iliyoondolewa kwa uaminifu. Kamati ya cheo iliyofuata ilihesabu makala ya maelezo sawa na makala nyingine yoyote, na kiambatisho kile kilihesabiwa sifuri. Kwa mhadhiri aliye kwenye njia hiyo leo, ushauri wangu ni wa kivitendo: andika maelezo ya data yako kama makala inayojitegemea kwenye jarida linalopokea kazi za namna hiyo, ili pointi zipatikane na wenzako wapate cha kunukuu.

Jambo la mwisho bado halijatatuliwa. Data ya umiliki inazeeka, na hakuna bajeti ya kuitunza. Mwaka 2024 kampuni ya Kitanzania ya Amsons ilitoa ofa ya shilingi 65 za Kenya kwa kila hisa ya Bamburi, na Holcim ikauza fungu lake lote la asilimia 58.6. Mnyororo ambao zamani uliishia kwenye kundi la saruji la Ulaya, lenye ripoti za mwaka ambazo yeyote angeweza kuzipakua bure, sasa unaishia kwenye kampuni ya familia isiyo na wajibu wa kuchapisha chochote kwa umma. Kwa kanuni ya Daktari Z, ya kutoandika kiungo bila hati, safu hiyo inasimama kwenye jina la kampuni. Wanafunzi wake wapya wanataka kuendelea kwa kutumia habari za magazeti. Yeye amekataa, na ameandika barua kuomba nakala kwa msajili wa kampuni wa Dar es Salaam.